Chachu ya Mama na Ndugu Yake Mwenye Sumu

Nyumbani kwetu, kabla jogoo hajasafisha koo, mama mkwe wangu ameshabandika sufuria ya maharage. Ni sufuria kubwa, mtoto anaweza kujificha ndani. Mimi nikitoka chumbani napiga miayo, ananikodolea macho.

"Umeamka, au umekuja kututembelea?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Chukua ungo. Maharage hayajichambui."

Hivyo ndivyo siku yangu inavyoanza. Silalamiki. Haya, nalalamika kidogo, lakini kimoyomoyo. Yule mama ana mdomo, na mimi pia ninao. Mume wangu husema nyumba yetu haihitaji redio.

Kazi yetu ni kutengeneza mchuzi mweusi. Si mchuzi wa kunywa kwa kijiko. Ni kiungo. Unatia matone machache kwenye chakula, na hata mboga iliyopooza inapata uhai.

Tunachemsha maharage mpaka yalainike. Tunayatandaza kwenye trei za mbao na kuyanyunyizia chachu. Tunayafunika kwa kitambaa safi katika chumba chenye joto. Baada ya siku chache, maharage yanaota ukungu. Kwanza unakuwa mweupe, kisha unageuka kijani. Ndiyo, ukungu! Huo tunautaka. Ndio unaoyalainisha maharage na kuyatia utamu. Baadaye tunayatia kwenye mitungi yenye maji ya chumvi, na tunangoja yaive.

Kazi yote inategemea ile chachu. Mama aliipata kwa mama yake, na yeye aliipata kwa mama yake. Mara moja kwa mwaka, Mama anachagua trei iliyopendeza kuliko zote. Anakausha maharage yake yenye ukungu, anayasaga, anayahifadhi kwenye chungu kidogo chumbani kwake. Akianza kazi anatoa kiasi, anakitia kwenye kopo, anampa mume wangu. Ukiomba zaidi, utajuta.

"Mnakula mbegu!" atasema. "Mkiimaliza, mtaotesha nini? Meno?"

Mwaka huu bahati ilitubishia hodi. Mpishi mkuu wa shule ya bweni alionja mchuzi wetu, akapenda. Akataka mitungi mingi, kwa ajili ya watoto wote wa shule. Jamani, tulifurahi! Mume wangu alitengeneza trei mpya, akazipanga chumbani mpaka dari. Mpishi aliweka sharti moja tu.

"Mimi nalisha watoto wa watu," alisema. "Sipokei kitu mpaka maabara ya chakula ikipime."

"Pima hata mara mia," Mama alimjibu, kidevu juu.

Tukapeleka maharage ya kwenye trei, na kidogo kutoka mitungi mipya.

Jirani yetu wa nyumba ya pili anafanya kazi katika maabara hiyo. Sisi tunamwita Hadubini, kwa sababu hawezi kutazama kitu bila kukisogelea. Ukimkaribisha chai, kwanza anakikagua kikombe. Ni mcheshi, tena ana kicheko kinachosikika nyumba ya tatu. Lakini jioni moja aliingia kwetu bila kucheka.

"Ile mitungi mipya mmeshaiuza?" aliuliza.

"Bado," nilisema. "Kwani vipi?"

"Mshukuru Mungu. Imekutwa na sumukuvu."

Mama aliweka mwiko chini. "Sumu gani?"

"Sumukuvu, Mama. Ni sumu inayotengenezwa na ukungu wa aina fulani. Haina rangi. Huwezi kuiona, wala kuijua kwa ulimi."

"Nitaichemsha vizuri," nilisema haraka. "Nitaichemsha saa nzima!"

"Haisaidii. Moto wa jikoni hauiondoi. Wala chumvi, wala kukwangua juu. Mtu akila kidogo kidogo kwa muda mrefu, inaharibu ini. Inaweza kuleta saratani. Akila nyingi kwa mara moja, anaweza kufa."

Kitinda mimba wetu hulamba kila mwiko anaouona.

"Mwanangu ameonja!" nilipiga kelele. "Ameonja mtungi mpya wiki hii!"

Hadubini alinishika bega. "Tulia, mama. Kuonja mara moja si sawa na kula kila siku kwa miaka. Kesho mpeleke kituo cha afya, waambie yote, wamtazame. Na asionje tena."

Nilimpeleka. Walimpima, wakasema yu mzima. Lakini usiku ule usingizi sikuuona.

Tuache hayo, nirudi jioni ile. Hadubini alikuwa hajamaliza. "Trei zote na mitungi yote mipya lazima iharibiwe," alisema.

"Sawa," Mama alisema polepole.

"Na chachu ya kwenye chungu pia. Nikishindwa kuthibitisha kwamba ni salama, lazima iteketezwe."

Loo! Mama alisimama kama amechomwa na sindano.

"Chachu yangu? Iliyowalea watoto wangu? Niliyoipokea kwa mama yangu kwa mikono miwili? Mkiiteketeza, mnizike nayo!"

Akaingia chumbani, mlango ukalia pa!

Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Namjua huyu. Akitazama vidole vyake, kuna jambo.

"Sema," nilimwambia.

"Sina la kusema."

"Baba watoto, mficha maradhi, kifo humuumbua. Sema!"

Akakohoa. "Trei zilikuwa nyingi, chachu ya kwenye kopo haikutosha. Niliogopa kumwomba Mama nyingine. Sasa, kule stoo kuna lile gunia la mahindi lililolowa chini. Lilikuwa limeota ukungu. Rangi ile ile, kijani kile kile. Nikaukusanya, nikauchanganya na chachu. Nilidhani ni ndugu."

Mimi nilitaka kumpiga na ungo. Hadubini, kinyume chake, aliruka juu!

"Ngoja! Unasema kuna ukungu wa aina mbili? Mmoja wa chungu na mmoja wa gunia?"

"Ndiyo," mume wangu alisema, amejikunyata.

"Basi inawezekana mwenye sumu ni wa gunia peke yake! Chachu ya Mama inawezekana haina hatia. Nipeni hata chembe yake. Nipeni na mahindi ya lile gunia. Na kuku msiwape mahindi hayo, mnanisikia? Sumu inampata kuku, tena inaweza kuingia kwenye yai."

Kumbe kazi ngumu ilikuwa kuipata hiyo chembe. Mama alikuwa amekaa kitandani, amekumbatia chungu.

"Hawataigusa," alisema.

Nilikaa chini, karibu na miguu yake. "Mama, mwanao akisingiziwa wizi, utamficha uvunguni? Au utampeleka mbele za watu asafishwe jina?"

Alizidi kukibana chungu kifuani.

"Ukiificha, watu watasema ina sumu. Ikipimwa, huenda ikashinda."

"Na ikishindwa?"

"Ikishindwa, Mama, kuna watoto shuleni. Na kuna mjukuu wako."

Mama akafunua chungu, akachota kidogo kwa kijiko. Nilimwonea huruma sana.

Baada ya siku chache, Hadubini alitualika maabara. Tulivaa makoti meupe, Mama, mume wangu na mimi. Mama alijigeuzageuza kwenye kioo cha dirisha. "Kumbe ningependeza nikiwa daktari," alisema.

Juu ya meza kulikuwa na visahani vitatu vyenye vifuniko. Kila kimoja kiliota ukungu wa kijani.

"Kimoja kina chachu ya chungu," Hadubini alisema. "Kimoja kina ukungu wa gunia. Cha tatu ni cha kutoka kwenye trei zenu. Mama, onyesha chako."

Mama alicheka kwa dharau. "Mimi nimeuona ukungu huu tangu sijaota jino la pili." Akainama. Akainuka. Akainama tena. "Hiki," alisema.

"Hapana. Hicho ndicho cha gunia."

Kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nilimwona Mama amekosea!

"Usijali, Mama," Hadubini alisema. "Hata mimi siwezi kuvitofautisha kwa macho. Nimeviweka chini ya hadubini, navyo bado vinafanana."

"Sasa jina lako la Hadubini lina faida gani?" Mama aliuliza. Tulicheka wote, na Hadubini zaidi yetu.

"Ndiyo maana tunaenda ndani zaidi," alisema, macho yanang'aa. "Sikilizeni. Kila kiumbe kina maagizo ndani ya mwili wake. Yanaitwa vinasaba. Mti unayo, kuku anayo, wewe unayo, ukungu nao unayo. Ndiyo yanayosema jani liwe hivi, unyoya uwe vile. Sasa fikirieni ni maelezo ya mapishi. Marefu, kurasa maelfu."

"Mapishi nayaelewa," Mama alisema, akavuta kiti.

"Vizuri. Hapo kale ukungu wa chungu na ukungu wa gunia walikuwa na babu mmoja. Kwa hiyo mapishi yao yanakaribia kuwa sawa. Baba watoto hakukosea, ni ndugu kweli."

Mume wangu alinyanyua kichwa.

"Usinyanyue kichwa," nilimwambia.

"Lakini katika mapishi hayo," Hadubini aliendelea, "kuna sehemu moja inayoeleza jinsi ya kupika sumu. Ndugu wa porini anayo yote, hatua kwa hatua. Ndugu waliofugwa na watu kwa vizazi vingi, wakikaa kwenye trei safi, wengine sehemu hiyo imewaharibikia. Kurasa zimechanika, zimepotea. Hata wakitaka kupika sumu, hawajui waanzie wapi."

"Na wa kwangu?" Mama aliuliza.

"Bado sijui. Ile mashine pale itasoma mapishi ya wote watatu. Kisha kompyuta itayaweka bega kwa bega, herufi kwa herufi. Pia tutayalinganisha na ukungu ambao maabara nyingine zimeshausoma, wenye sumu na wasio na sumu. Pale wanapofanana, tutaona. Pale wanapotofautiana, tutaona pia."

"Herufi zote hizo mnalinganisha?"

"Mamilioni."

"Yesu na Maria!" Mama alisema. "Na mimi nachoka kuchambua kilo moja."

Tulirudi nyumbani kungoja. Jamani, kungoja kunachosha kuliko kutwanga. Trei zilikaa zimefungwa. Mama hakubandika sufuria. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikatamani anigombeze. Siku moja nilimkuta yeye na mume wangu wamekaa kizingitini.

"Kwa nini hukuniomba chachu nyingine?" alikuwa anamwuliza.

"Nilikuogopa, Mama."

"Uliniogopa mimi, hukuogopa gunia bovu?"

"Gunia halina mdomo, Mama."

Nilidhani atamzaba kofi. Badala yake alitikisa kichwa, akasema, "Basi na mimi nina sehemu yangu." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo, na sitegemei kumsikia tena.

Kisha siku ikafika. Nilikuwa naanua nguo. Nikamwona Hadubini anakuja mbio, amekumbatia kompyuta yake, koti la maabara bado mwilini, kiatu kimoja hakijafungwa. Anapiga kelele kabla hajafika kwenye lango.

"Mama! Mama yuko wapi? Mwiteni Mama!"

Nguo nilizitupa pale pale. Mume wangu alitoka stoo na nyundo mkononi. Mama alitokea mlangoni, akashika fremu ya mlango.

"Ana hatia au hana?" aliuliza.

"Njoo uone kwa macho yako."

Akaiweka kompyuta juu ya meza ya jikoni. Kwenye kioo kulikuwa na mistari mitatu ya vipande vya rangi, mmoja juu ya mwingine.

"Hii ni ile sehemu ya kupikia sumu," Hadubini alisema, anahema. "Mstari wa kwanza ni wa gunia. Tazama, vipande vyote vipo, hakuna hata kimoja kilichopungua. Huyu ni mpishi wa sumu kamili."

"Na wa pili?" nilisema.

"Wa pili ni wa chungu. Unaanza hapa, unaenda, unaenda, halafu?"

Mama alisogeza pua mpaka karibu iguse kioo. "Halafu hakuna kitu," alisema. "Peupe!"

"Peupe! Kurasa hazipo! Nusu ya sehemu yote imepotea. Chachu yako haiwezi kupika sumu hii, Mama. Na hatukuishia hapo. Tumeiotesha kwenye maharage, tukapima mara kadhaa. Sumu hakuna!"

Kigelegele alichopiga Mama, majirani walitoka nje. Alinikumbatia mimi, akamkumbatia Hadubini, akamkumbatia mwanawe na nyundo yake. Mimi nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, hata sikujua kipi kilianza.

"Na wa tatu?" mume wangu aliuliza kwa woga. "Wa trei?"

"Trei zina wote wawili. Na yule mwenye sumu wa kwenye trei anafanana kabisa na wa gunia lako. Alitoka pale, hakutoka kwingine." Hadubini akamgeukia Mama. "Lakini nisikilize vizuri. Waliopona ni hawa wa chungu tu, kwa sababu tumewasoma na kuwapima. Usije ukamwambia mtu kwamba kila ukungu wa kijani ni salama. Na mwaka huu ungechagua mbegu kwenye trei hizi, ungemwingiza ndugu mbaya kwenye chungu kwa mkono wako."

Mama aliketi. "Trei iliyopendeza kuliko zote," alisema polepole, "ilikuwa mojawapo ya hizo. Nilikuwa nimeshaichagua."

Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kesho yake walikuja watu wa afya, wamevaa barakoa na glavu, wakatuonyesha namna ya kuharibu na kufukia kila kitu bila kupeperusha vumbi la ukungu. Mitungi ile yote mipya! Gunia la mahindi nalo likaenda. Trei zote, mpya na za zamani, zilizonywa ukungu mpaka ndani ya mbao, zikaenda pia. Iliuma, nisiseme uongo. Lakini aliyebeba trei ya kwanza kuipeleka shimoni ni Mama mwenyewe.

Baada ya hapo tulianza upya. Chumba tulikisugua, tukakiacha kikauke kabisa. Nafaka sasa tunaiweka juu ya vichanja, mbali na ukuta, mbali na sakafu, na tunaianika ikauke kabla ya kuifunga. Kikiota ukungu chakula chochote ambacho hatukukiotesha sisi kwa chachu iliyopimwa, tunakitupa. Hatukwangui, hatuchemshi, hatuonji. Chachu yenyewe Hadubini aliisafisha maabara, akatukabidhi iliyo safi. Nyingine aliihifadhi kwenye jokofu lao. Siku hizi chachu ikipungua, hakuna anayejitafutia. Tunaomba, na inatoka.

Mama alibishana kuhusu jokofu, bila shaka.

"Siri ya ukoo wangu ikakae na dawa za watu?"

"Nyumba ikiungua, Mama, utaipata wapi nyingine?" nilimwuliza.

"Haya, ikae. Lakini waifunike, isije ikapata baridi."

Mchuzi mpya ulipoiva, tuliupeleka maabara. Ukapita! Tukaupeleka tena, kwa sababu Mama alitaka asikie mara mbili. Ukapita tena! Mpishi mkuu akatuma gari, mitungi ikapakiwa. Akasema, "Njooni siku ya kwanza, mwone wenyewe."

Tulienda, Mama, mume wangu na mimi. Tulisimama kwenye mlango wa bwalo saa ya chakula. Kengele ililia, watoto wakaingia. Wakaingia, wakaingia, wakaingia. Meza hii imejaa, ile imejaa, na mlangoni bado wanasukumana. Vijiko vilianza kugonga sahani.

Mama alinishika mkono. Alinibana mpaka vidole viliuma.

"Hawa wote?" aliniuliza.

"Hawa wote, Mama."

"Mwanangu, hawa wote wangekula sumu. Kwa mkono wangu. Na mimi ningesimama hapa hapa, nimefurahi."

Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta. Mume wangu aligeuka akatazama ukuta. Mimi nikamvuta karibu.

Msichana mmoja mdogo alikuja na sahani tupu, amelamba mpaka pembeni. Alimwona Mama amevaa aproni, akadhani ni mpishi.

"Bibi, naweza kuongezewa?"

Mama alivuta pumzi. Akapangusa uso kwa kiganja, akachukua sahani ile kwa mikono miwili.

"Utaongezewa, mjukuu wangu," alisema. "Kula ushibe. Hiki tumekipima."